Mwalimu wa Fasihi Anajibu: Dada Wachawi, na Yule Aliyekuja Matangani

Mwezi uliopita niliandika hapa mistari michache tu kuhusu filamu za wachawi, nikauliza kwa utani kwa nini wachawi wa Wazungu huwa ndugu ilhali wa kwetu huwa majirani. Sikutarajia barua. Zimekuja nyingi kuliko zile za mwaka juzi nilipougusa ushairi huru, na mnakumbuka zile zilivyokuwa. Nimechagua nne.

*Mwalimu, shikamoo. Nipo kidato cha sita, Iringa. Kwenye kabati la maktaba ya shule nimeokota Makbeth, ile tamthilia ya Shakespeare kama alivyoitafsiri S. S. Mushi mwaka 1968. Wale wachawi watatu wanaitana dada. Rafiki yangu anasema wanaitana tu, kama masista wa kanisani. Mimi nasema ni ndugu kabisa. Tumewekeana soda.*

Marahaba, kijana wangu. Soda hiyo mgawane, maana Shakespeare hakutaja mama yao wala baba yao.

Kwa Kiingereza wanajiita "weird sisters". Siku hizi neno hilo la kwanza maana yake ni kioja, kitu cha ajabuajabu, lakini katika Kiingereza cha kale, "wyrd" ilikuwa ni majaliwa, yale mtu aliyoandikiwa. Shakespeare aliwakuta tayari wakiitwa hivyo katika kitabu cha historia cha Holinshed, kilichochapwa mara ya kwanza mwaka 1577, ambamo inasemwa kwamba huenda walikuwa miungu wa kike wa majaliwa. Nyuma yao wapo dada watatu wa Wagiriki: mmoja anasokota uzi wa maisha ya mtu, wa pili anaupima, wa tatu anaukata. Kwa hiyo udada wao ulitangulia uchawi wao.

Rafiki yako asishangilie bado. Rudi tendo la kwanza, onyesho la tatu. Wanakutana, na neno la kwanza ni: ulikuwa wapi, dada? Naua nguruwe, anajibu mwenzake. Yule mwingine ana kisa. Amemkuta mke wa baharia amepakata njugu anatafuna, akamwomba, akanyimwa na kufukuzwa kwa matusi. Mume wa mwanamke huyo ni nahodha, amesafiri kwenda Aleppo, basi mchawi ameapa kumfuata huko huko baharini. Sasa sikiliza wenzake. Wa pili anasema: nitakupa upepo mmoja. Anashukuriwa. Wa tatu anadakia: na mimi mwingine.

Hapo ndipo ninapowaona ndugu. Hakuna anayeuliza kama dada yao alikuwa na haki, wala anayesema jamani, hizi ni njugu tu. Dada katukanwa, upepo huu hapa, chukua. Dada yangu aliyeniachia ziwa aliwahi kupigana na binti wa barabara ya kumi na moja, Ngamiani, Tanga, kwa ajili ya kipande cha kashata. Kashata yenyewe niliiomba mimi, nikanyimwa mimi, na kwa kweli niliiomba kwa ufidhuli. Alirudi gauni limechanika begani, akapigwa tena na mama kwa ajili ya gauni, na hakusema ni kwa nini walipigana.

Huo upepo nao haukutungwa hivi hivi. Mchezo uliandikwa karibu na mwaka 1606, mfalme akiwa James, yule aliyetoka Uskochi. Mwaka 1590 alipokuwa akimleta mkewe Anne kutoka Denmark, dhoruba ziliwasumbua, na baadaye wanawake wa North Berwick, huko kwao Uskochi, wakateswa hadi wakakiri kwamba wao ndio walioziinua. Watazamaji wa London waliposikia "nitakupa upepo", hawakucheka kama mnavyocheka nyinyi darasani.

Nyongeza, kwa kuwa umenikumbusha Wagiriki: walikuwa na dada wengine watatu, vikongwe tangu kuzaliwa, wenye jicho moja na jino moja kwa wote, wakipokezana. Shujaa wao Perseus aliliiba lile jicho mkono wa mmoja ulipokuwa ukimpelekea mwenzake. Sisi tuliozaliwa wasichana watupu tunaijua nyumba hiyo. Kwetu ilikuwa viatu vya ngozi, jozi moja. Aliyewahi kuamka ndiye aliyekwenda navyo.

*Mwalimu, hujambo? Niko Mombasa. Binti yangu wa miaka 10 ameiona Hocus Pocus kwa jirani, sasa anauliza kama wale dada watatu wa Salem waliishi kweli. Nimemwambia subiri nimuulize mwalimu wangu wa gazetini.*

Sijambo, mama. Mwambie hapana. Winifred, Mary na Sarah Sanderson walitungwa kwa ajili ya filamu hiyo ya mwaka 1993. Humo wananyongwa Salem, Marekani, mwaka 1693 kisha wanafufuka baada ya miaka 300. Salem yenyewe ilinyonga watu kwa shitaka la uchawi mwaka 1692, wala mwaka uliofuata haikunyongwa hata nafsi moja. Nadhani waandishi walitaka hesabu yao ya 300 ikae sawa.

Akikua kidogo, mwambie kwamba Salem walikuwepo dada watatu wa kweli, na hao hawakuruka na fagio.

Walizaliwa ukoo wa Towne: Rebecca, Mary na Sarah. Rebecca, mke wa Nurse, alikuwa na miaka 71, mzito wa kusikia, mgonjwa mara kwa mara, mcha Mungu ambaye kijiji kizima kilimjua hivyo. Alipokamatwa mwezi Machi 1692, watu 39 walithubutu kutia majina yao kwenye karatasi ya kumtetea, wakijua fika kwamba jina kwenye karatasi kama ile linaweza kuwa la kwanza kwenye karatasi nyingine.

Siku chache baadaye mchungaji wa kijiji, Samuel Parris, alihubiri juu ya maneno ya Yesu kwa wanafunzi wake kumi na wawili, kwamba mmoja wao ni shetani. Kila mtu alijua anayesemwa ni nani. Sarah, mke wa Cloyce, alisimama katikati ya ibada akatoka, na mlango ukabamizwa nyuma yake kwa kishindo. Wengine walisema baadaye ni upepo tu. Haya basi, upepo. Yeye naye akashitakiwa bila kukawia. Kisha Mary, mke wa Easty. Huyu alikamatwa Aprili, akaachiwa Mei, akakaa nyumbani siku mbili hivi na watoto wake, halafu wakamfuata usiku wakamrudisha gerezani.

Kwa nini wote watatu? Kwa sababu mama yao, Joanna, aliyekuwa ameshakufa, aliwahi kunong'onwa kwamba ni mchawi, na watu waliamini uchawi huteremka kwa damu. Na huko nyuma palikuwa na ugomvi wa mipaka ya mashamba kati ya watu wa Topsfield, ndio ukoo wao, na akina Putnam, familia iliyotoa washitaki wengi. Msomaji wa Pwani simhitaji kumweleza jinsi mpaka wa shamba unavyoweza kumpa mtu tunguri asizowahi kuziona.

Baraza la wazee wa mahakama kwanza lilimwona Rebecca hana hatia. Washitaki wakapiga mayowe, jaji mkuu akaliambia baraza litafakari tena. Wakarudi kumuuliza Rebecca alikuwa na maana gani aliposema mfungwa fulani ni "mwenzetu". Alimaanisha mfungwa mwenzao. Lakini hakujibu, kwa sababu hakusikia swali. Akanyongwa tarehe 19 Julai. Mary alinyongwa tarehe 22 Septemba, na kabla ya hapo aliandika ombi kwa majaji ambalo nikilisomea darasa sauti yangu huwa haifiki mwisho: hakuomba uhai wake, alisema anajua atakufa, aliomba damu nyingine isiyo na hatia isimwagike. Sarah aliponea. Kesi yake ilitupwa Januari 1693, akahama na mumewe kwenda sehemu iliyokuja kuitwa Framingham.

Mwaka 1706 mmoja wa wasichana walioshitaki, Ann Putnam, sasa mwanamke mzima, alisimama kanisani toba yake ikasomwa mbele za watu. Aliyemtaja kwa jina ni Rebecca Nurse, na akaongeza: na dada zake wawili. Hata katika kutubu aliwataja kama fungu moja.

Sasa turudi kwenye filamu ya mwanao. Nimewafikiria hawa watatu wa kweli kwa miaka mingi, na naamini hadithi zote za leo za dada wenye nguvu zimechukua shitaka lile lile na kuligeuza nje ndani, kama mtu anavyogeuza koti lililochakaa. Hakimu alisema: wewe ni mchawi kwa sababu dada yako ni mchawi. Mtunzi anasema: una nguvu kwa sababu unaye dada. Damu ni ile ile. Hata hao akina Sanderson wa kuchekesha: katika filamu ya pili, ya mwaka 2022, Winifred anasoma dua ya kupata nguvu kuliko wachawi wote, anazipata, na malipo yake ni kwamba wadogo zake aliowatukana filamu mbili nzima wanayeyuka mbele ya macho yake. Naye anaomba apelekwe waliko. Mwambie binti yako aitazame hiyo pia, lakini ukae naye.

*Mwalimu, kutazama mambo haya si dhambi?* (Hakuandika alipo.)

Muulize shehe wako au padri wako, mimi nilisomea fasihi. Ila nakuomba ujue kitu kimoja. Kanda ya Ziwa wameuawa bibi vizee kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe miaka hamsini. Waliowaua hawakutumwa na filamu ya Marekani.

*Mwalimu, shikamoo. Tulizaliwa watatu, wasichana. Dada yetu mkubwa alifariki mwaka jana. Siku ya tatu ya matanga alikuja mwanamke tusiyemjua, akakaa mkekani, akalia kuliko waliomjua marehemu. Baadaye mama mdogo alituita chumbani akatuambia yule ni mtoto wa mama yetu, alimzaa kabla hajaolewa na baba, akalelewa na ndugu Kilosa. Mama naye hayupo, hakuna wa kumuuliza. Mdogo wangu hataki kumsikia, anamwita "yule wa kambo". Mimi sijui nifanye nini. Halafu juzi nilikuwa natazama Charmed iliyotafsiriwa, ile tamthilia ya dada wachawi watatu, nikafika pale Prue amekufa na Paige anatokea. DJ akasema, "Huyu ni dada yao wa kambo." Nikazima runinga. Je, hadithi ile inataka tufanye nini? Na wewe sizoni zake bado unazo? Uliwahi kuandika kwamba unazo. — Wa Katikati, Morogoro.*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya pili nikaipeleka uani nikaisomea kuku.

Kwanza niondoe jiwe kiatuni. DJ wako amekosea, na amekosea vibaya. Mtoto wa kambo ni yule wa mume wako au wa mke wako, uliyemkuta. Paige ni mtoto wa Patty, mama yao yule yule. Baba ndiye mwingine. Hao ni ndugu wa tumbo moja, baba mbalimbali. Kiswahili hakina kigugumizi hapo. Na siyo suala la usahihi wa lugha tu, hadithi yote imening'inia kwenye msumari huo. Nguvu za akina Halliwell, ndio hao dada, zinatoka upande wa kike: kwa bibi yao Penny, kwa mama yao Patty. Panahitajika watatu, wakipungua nguvu inakatika. Paige angekuwa wa kambo, hata wangemkumbatia mpaka asubuhi, ile nguvu ya watatu isingerudi. Kwa neno moja DJ ameangusha nyumba, na kwa neno hilo hilo mdogo wako anajaribu kuibomoa yenu.

Wasomaji wengine, niwape muhtasari. Tamthilia ilianza Marekani Oktoba 1998: dada watatu wa San Francisco, Prue, Piper na Phoebe, wanarudi kuishi nyumba ya marehemu bibi yao, mdogo anapanda darini, anakuta kitabu kikubwa, anakisoma kwa sauti, na nguvu zinaamka. Ilikwenda sizoni 8, vipindi 178, mpaka 2006. Mwaka 2001, sizoni ya tatu ilipokwisha, Shannen Doherty aliyecheza Prue aliondoka. Kuna tamthilia ambazo hubadilisha sura tu, mwigizaji mpya anaingia na jina la zamani na watazamaji mnatakiwa kumeza mate. Hawa walimuua Prue, wakamzika, na katika mazishi hayo hayo wakamleta msichana mgeni, amesimama pembeni, hata yeye hajui vizuri kilichomvuta. Phoebe anampa mkono kama tunavyowapa mkono watu wa msibani, na papo hapo anaona maono. Mgeni wa msiba ni mtoto wa mama.

Unaona kwa nini ulizima.

Baadaye wanaita mzimu wa bibi na mzimu wa mama, na Piper anawaka kweli kweli. Mama anaeleza: mtoto huyo alimzaa na Sam, malaika mlinzi wake, uhusiano uliokatazwa, akaogopa, wakampeleka kanisani wakamkabidhi mtawa. Miaka yote ile hakuna aliyesema neno. Nyinyi hamna mzimu wa kuita, mnaye mama mdogo. Mfuateni. Mwulizeni mtoto aliitwaje alipozaliwa, mama alikwenda kumwona mara ngapi, nani alikuwa akipeleka nguo. Mama mdogo aliyefungua mlango wa chumba siku ya matanga hawezi kuwa amemaliza yote siku hiyo.

Sasa sehemu ninayotaka uitazame hasa. Katika tamthilia mdogo, Phoebe, ndiye anayempokea mgeni haraka. Anayeshindwa ni Piper, na Piper alikuwa wa katikati kama wewe. Kifo kimoja kimemfanya mkubwa pasipo kuulizwa. Unaniambia mdogo wako ndiye anayekataa. Sawa. Lakini aliyezima runinga ni wewe.

Kipindi cha tatu cha sizoni ya nne, Piper anageuka kuwa kiumbe cha ghadhabu, kucha na meno, kwa sababu amekusanya hasira isiyo na pa kutokea. Phoebe anajaribu, mume wa Piper anajaribu, hawamwezi. Anayetambua ni Paige, ambaye yeye mwenyewe alifiwa na wazazi waliomlea kwa ajali ya gari. Anagundua kwamba Piper hana hasira na yeye, wala na majini. Amemkasirikia Prue. Basi anafikishwa kaburini, na pale Piper anamfokea marehemu: umeniachaje? Anafoka mpaka sauti inakatika, kisha analia, na kucha zinarudi kuwa vidole. Nimefundisha tanzia miaka 31 na bado naona ile ni kazi nzuri kuliko inavyosifiwa. Mambo mengine ya tamthilia hiyo, yale mapepo ya plastiki na magauni ya ajabu, unaweza kuyaruka.

Mimi si mshauri wa nyumba za watu, nina ya kwangu. Baada ya mama yetu kufa, mimi na dada yangu hatukusemezana miaka miwili kwa sababu ya cherehani. Cherehani ya mguu, ile nyeusi, mkanda wake umeshafungwa kamba. Mimi sijui kushona hata kifungo. Niliitaka kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo mama alipokata roho nami nilikuwa nasimamia mtihani, na sikuwa na namna ya kumwambia kwamba ndilo lililonichoma. Siku nilipomwambia, alinijibu: "Ungesema. Chukua." Sikuchukua. Ipo kwake, juu yake ameweka runinga.

Kwa hiyo sikwambii umkumbatie huyo wa Kilosa. Nakwambia mtakapofanya kumbukumbu ya mwaka ya dada yenu, mwiteni mapema, siku moja kabla. Siku yenyewe watu wanakuja kama wageni, wanawekewa mkeka na kupewa soda. Siku ya kabla ndiyo ya kuchambua mchele na kumenya vitunguu. Mpe kisu na beseni kama ungempa yeyote wa kwenu, umketishe palepale jikoni na mdogo wako apite akiona. Usimtambulishe kwa hotuba. Mtazame anavyoshika kisu. Mama mdogo atakuwepo, atakwambia kama ni mshiko wa nani. Na kabla ya siku hiyo nenda kaburini peke yako, ukamfokee aliyekuachia ukubwa. Makaburi ya Morogoro yana miti, hakuna atakayekushangaa.

Kuhusu sizoni: ninazo, tulizinunua mimi na dada yangu mwaka 2005, kila diski imebanwa vipindi mpaka picha inakwaruza. Ungekuwa karibu ningekuazima. Ila ya nne, hiyo unayoihitaji, ipo kwake. Nimemdai tangu Ramadhani, kila nikimpigia ananiambia bado hajafika mwisho.